Maadili yanaingiaje kwenye mtandao wa 6G? Jibu kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam, na nakaa Mbagala. Kila mada ya 6G ninayosoma siku hizi inasema mtandao ujao utajengwa juu ya maadili na thamani za jamii. Mimi ninachojua, mtandao ni minara, masafa, faiba na seva. Maadili yanachomekwa wapi hapo? Au ni maneno ya kupamba tu? Na kama ni kweli, sisi wa huku tunaweza kufanya nini wakati vifaa vyote vinatoka nje? Nataka mradi wangu wa mwisho uhusu jambo hili.

Jibu: Marahaba. Yanachomekwa sehemu tatu: kwenye namba, kwenye neno "lazima" au "hiari" ndani ya kiwango, yaani hati ya kanuni ambazo watengenezaji wote wanazifuata, na kwenye mpangilio ambao kifaa kinatoka nao kiwandani. Ukikuta thamani yoyote ya jamii imeandikwa kwenye hati ya mtandao, itafute katika sehemu hizo. Isipokuwemo hata moja, hayo ni mapambo kama ulivyohofia. Ikiwemo, kuna mtu hapo Mbagala ambaye huduma yake itabadilika, hata kama hatajua sababu.

Tuanze na hati yenyewe. Novemba 2023 Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lilipitisha pendekezo M.2160, ambalo ndilo linalochora sura ya 6G. Wao wanaiita IMT-2030. Lina matumizi sita, matatu kati yake mapya: mtandao kufika kila mahali, akili unde ndani ya mtandao, na mtandao kuhisi vitu na watu kama rada. Juu ya hayo sita limeweka mambo manne yanayopaswa kugusa kila kitu: uendelevu, usalama na ustahimilivu, kuwaunganisha wasiounganishwa, na akili iliyoenea mtandao mzima. Ni maneno mazuri. Sasa soma ukurasa wa uwezo. Kasi ya juu kabisa imepewa namba, gigabiti 50, 100 na 200 kwa sekunde kama mifano. Ucheleweshaji umepewa namba, milisekunde 0.1 hadi 1. Uendelevu na mtandao kufika kwa watu vimeelezwa kwa sentensi. Mhandisi wa kiwandani anabanwa na namba. Sentensi ataisoma, ataikubali, kisha atarudi kwenye namba zake.

Kwamba thamani inaweza kuwa namba, 5G imeshaonyesha. Sharti la 5G la megabiti 100 kwa sekunde kwa mtumiaji halikupimwa kwa wastani. Limepimwa kwenye asilimia 5 ya chini, yaani ukiwapanga watumiaji wote kuanzia mwenye kasi ndogo hadi mwenye kubwa, yule aliye kwenye alama ya asilimia 5 ndiye anayetakiwa kupata megabiti 100. Hilo ni wazo la haki lililogeuzwa kuwa hesabu: mtandao usihukumiwe kwa walio chini ya mnara, uhukumiwe kwa karibu wale wa mwisho. Lakini angalia lilipowekewa mpaka. Sharti hilo ni la mazingira ya mjini penye msongamano, vijijini halikuwekwa. Wazo moja, namba moja, na sharti dogo la mazingira likaamua nani anahesabika.

Haki ndani ya milisekunde moja

Nikupe mfano unaoweza kuupiga kwa kalamu. Kila mnara una programu inayopanga zamu: nani apewe masafa sasa hivi, nani asubiri. Inaamua hivyo kila milisekunde au chini yake. Chukua seli moja, yaani eneo linalohudumiwa na mnara mmoja, pale Rangi Tatu, yenye wateja wawili tu. Wa kwanza yuko karibu na mnara. Akipewa muda wote anapata megabiti 50 kwa sekunde. Wa pili yuko bondeni, ndani ya nyumba ya bati. Akipewa muda wote anapata 2.

Ukiiambia programu "toa data nyingi kadiri inavyowezekana", itampa wa kwanza kila kitu. Jumla megabiti 50, wa bondeni sifuri. Ripoti ya mwezi itapendeza sana.

Ukiiambia "wote wapate kasi sawa", wa karibu atapewa muda kidogo sana, karibu asilimia 4, na wa bondeni asilimia 96. Kila mmoja atapata takriban 1.92. Jumla ya seli inaporomoka hadi 3.85. Umefanya usawa, lakini seli nzima imekuwa maskini.

Njia inayotumika zaidi ni ya uwiano: kila mmoja anapimwa dhidi ya wastani wake mwenyewe. Kwa mfano wetu wanagawana muda nusu kwa nusu, wa karibu anapata 25, wa bondeni 1, jumla 26. Njia ya nne, ambayo mimi naipendelea kwa huduma za msingi, ni kuweka sakafu: hakuna anayeshuka chini ya megabiti 0.5, kinachobaki kitumike kwa faida. Wa bondeni anahitaji robo ya muda, wa karibu anapata 37.5, jumla 38.

Njia tatu za kwanza ni fomula ileile yenye kigezo tofauti, na ya nne ni ile ya kwanza iliyowekewa sakafu. Wapo wanaosema hesabu haina upande. Hapa kuna pande nne, na mtu amechagua mmoja. Kazi ya maadili ni uchaguzi huo uandikwe, uwe na jina la aliyeuidhinisha, na uweze kukaguliwa. Leo kwa kawaida unakaa kwenye faili la mipangilio ambalo mteja, mdhibiti, na wakati mwingine hata kampuni yenyewe ya simu, hawajawahi kulifungua.

Usiiamini sana fomula pia. Weka wateja 40 bondeni badala ya mmoja. Sakafu ya 0.5 kwa kila mmoja inadai robo ya muda mara 40, yaani muda mara kumi ya uliopo. Hakuna programu itakayokuokoa. Hapo unahitaji mnara mwingine, au masafa ya chini. Ukitoka bendi ya 700 MHz kwenda 3500 MHz unapoteza desibeli 14 kwa umbali uleule, kiasi cha mara 25 ya nguvu, hata kabla ya kuhesabu ukuta na bati. Kwa hiyo mtu akikuletea akili unde ya kugawa masafa kwa haki mahali ambapo mawimbi hayafiki, mwambie aanze na nondo na saruji.

"Hiari" ndipo thamani zinapopotelea

Faragha ina somo zuri kuliko yote, na limeshatokea. Kila laini ina namba ya kudumu ya utambulisho, IMSI. Katika 2G, 3G na 4G, simu inaweza kuitaja namba hiyo angani bila kuificha, kwa mfano inapojiunga na mtandao kwa mara ya kwanza au mtandao unapoiuliza. Mtu mwenye mnara bandia mdogo ndani ya gari anaweza kukusanya namba za simu zote zinazopita mtaani. 5G ililitibu hilo: sehemu ya namba inayomtambulisha mteja inafungwa kwa ufunguo wa kampuni yake kabla haijatoka kwenye simu, na kila inapotumwa inaonekana tofauti. Utu umeingia ndani ya laini yenyewe. Ni kazi nzuri kwelikweli.

Sasa ona inavyovuja. Kwanza, kiwango kinaruhusu mpangilio mtupu, ambamo namba inatumwa bila kufungwa, na kampuni ndiyo inayochagua. Pili, ufunguo unatakiwa uwe ndani ya laini. Laini ya zamani isiyo nao, hata ukiichomeka kwenye simu ya 5G, haifichi kitu. Tatu, 5G inayotumia moyo wa 4G, yaani mfumo wake wa kati, ambayo ndiyo njia ambayo kampuni nyingi duniani zimeanza nayo, bado inafuata taratibu za 4G, hivyo alama ya 5G juu ya kioo haimaanishi umelindwa. Nne, anayetaka kukuvizia anaweza kuyavuruga masafa ya vizazi vya juu ili simu ishuke yenyewe hadi 2G, ambako mnara haujithibitishi kwa simu kabisa.

Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni hitilafu. Zote zinaruhusiwa na kiwango, hata huko kushuka hadi 2G. Thamani ilikubaliwa, ikajengwa, kisha ikaachiwa milango minne kwa sababu kila mlango ulimrahisishia mtu fulani kazi. Kwa 6G ningetaka mambo matatu yasiwe na mjadala: mpangilio mtupu usiwepo isipokuwa kwa simu za dharura, simu imwonyeshe mwenye nayo ikiwa utambulisho wake haujafichwa, na kushuka kizazi kusifanyike kimyakimya.

Ukisoma hati yoyote ya viwango, pigia mstari kila "inaweza". Hapo ndipo penye maswali yako ya utafiti.

Mtandao unaomwona asiye na simu

Hili la kuhisi linanitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu linavunja jambo ambalo sheria zote za mawasiliano zimelizoea: kwamba anayehusika na mtandao ni mteja mwenye laini. Mnara wa 6G unaotuma mawimbi na kusikiliza mwangwi utamwona mama anayeuza vitumbua kando ya barabara hata kama simu yake ameiacha nyumbani. Hakusaini mkataba wowote. Hakuna kitufe cha kuzima mwili.

Mtandao unaona kwa undani gani? Kwa umbali, uwezo wa kutofautisha vitu viwili ni kasi ya mwanga igawanywe kwa mara mbili ya upana wa masafa. Ukiwa na megahezi 100 unatofautisha vitu vilivyoachana mita 1.5. Ukiwa na 400, sentimita 37.5. Mwendo mdogo unaonekana kwa njia nyingine: wimbi la 7 GHz lina urefu wa kama sentimita 4.3, na kifua cha mtu kikipanda milimita 5, mwangwi unarudi ukiwa umegeuka zaidi ya nyuzi 80. Yaani kimsingi kupumua kunapimika. Kwa mnara ulio mbali, katikati ya mabati na magari, ni vigumu sana. Kwa kifaa kidogo ndani ya jengo, si vigumu hivyo.

Tiba ipo, na ni ya uhandisi. Tuseme jiji linataka kuhesabu magari pale Ubungo ili taa na mabasi ya mwendokasi yapangwe vizuri. Kazi hiyo inahitaji idadi ya magari kwa kila njia kwa dakika. Gari la kawaida lina urefu wa karibu mita nne au zaidi, hivyo uwezo wa mita 3, yaani megahezi 50, unatosha. Basi mashine ya kuhisi ifungwe hapo, hata kama mawasiliano yanatumia megahezi 400. Mwangwi mbichi uchakatwe mnaranimo na ufutwe ndani ya sekunde chache. Kinachotoka kwenda kwa jiji kiwe namba tu. Kila mabadiliko ya mpangilio yaandikwe kwenye daftari ambalo msimamizi wa zamu hawezi kulifuta.

Kinachoharibika kwa kawaida ni kile cha "tuhifadhi kwanza, huenda tukakihitaji". Mwangwi mbichi ukishahifadhiwa, kesho atatokea mwenye shida nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Swali ambalo ningependa mtu aliandikie tasnifu ni hili: mwangwi wa mwili wa mtu asiyejulikana jina unakuwa taarifa binafsi kuanzia wapi? Mwendo wa kutembea unaweza kumtambulisha mtu. Jibu likipatikana kabla minara haijasimamishwa, litaandikwa kwenye zabuni. Likichelewa, tutakuwa tunalitafuta mahakamani.

Akili unde, usiku wa Ramadhani

Sehemu kubwa ya umeme wa mtandao wa simu inaliwa na minara. Hapa kizazi kilichopita kinatufundisha maana ya kuchelewa. Katika 4G, mnara unalazimika kutuma alama zake za rejea, ambazo simu huzitumia kuupima, kila milisekunde, hata saa tisa usiku bila mteja hata mmoja, hivyo vikuza nguvu vyake havipati nafasi ya kulala vizuri. Hilo liliamuliwa kabla ya Desemba 2008, toleo la 8 la 3GPP, ushirika unaoandika viwango vya mitandao ya simu, lilipofungwa, na hakuna programu iliyoweza kuliondoa kabisa tangu hapo. 5G inaziweka alama za kujitambulisha kila milisekunde 20 kwa kawaida, na nafasi hiyo ndiyo inayowezesha kuzima. Dizeli inayookolewa leo kwenye mnara wa porini ilitokana na uamuzi wa kikao cha watu wachache miaka mingi nyuma.

Sasa kuzima huko kunakabidhiwa akili unde: inasoma mazoea ya seli, inabashiri saa za utulivu, inazima bendi. Ifikirie hapa Dar. Mfumo uliofundishwa kwa data ya miezi ya kawaida utajua saa kumi alfajiri ni saa ya kulala. Ukifika mwezi wa Ramadhani, mtaa mzima uko macho kwa daku. Pale Feri, wavuvi na wachuuzi wanapigiana simu za bei kabla hakujapambazuka, mwaka mzima. Wastani wa mkoa hauwaoni watu hawa. Hasara haitaonekana kwenye ripoti pia, kwa sababu ripoti inahesabu umeme uliookolewa, na simu ambayo haikuunganishwa kwa kukosa bendi haiachi alama kubwa.

Kwa hiyo sharti liandikwe hivi: bendi ya chini haizimwi kamwe, bendi iliyolala iamke ndani ya muda uliotajwa, tuseme sekunde 60, kalenda ya mahali, pamoja na mwezi mwandamo, iingizwe kama data, na umeme uliookolewa uripotiwe sambamba na majaribio ya kuunganishwa yaliyoshindikana katika saa hizohizo. Namba mbili bega kwa bega. Ukiripoti moja peke yake, mfumo utajifunza kuipendezesha hiyo kwa kuiumiza nyingine.

Vivyo hivyo kwa vichujio vya utapeli. Zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaumiza watu, na kuripoti namba kwenda 15040 ni kazi ya baada ya tukio. Kuchuja kwa tabia ya mtumaji, yaani anatuma kwa namba ngapi asizowahi kuwasiliana nazo kwa saa, ni bora kuliko kusoma ujumbe wa kila mtu. Lakini katibu wa kamati ya harusi anayekumbusha michango kwa watu 200 ana tabia ileile kwa macho ya mashine. Anayefungiwa lazima aambiwe kuwa amefungiwa, na apate binadamu wa kumsikiliza siku hiyohiyo.

Herufi 92

Nikuonyeshe muundo ambao thamani mbili zinazodhaniwa kugombana zimekaa pamoja. Mvua kubwa imenyesha, Msimbazi unajaa, watu wa Jangwani na Kigogo wanapaswa kuondoka. Ukitumia SMS, unahitaji kwanza orodha ya namba zilizoko bondeni, yaani umfuatilie kila mtu alipo. Kisha unazituma moja moja, na kwa mfumo unaotoa 500 kwa sekunde, watu milioni moja wanachukua zaidi ya nusu saa. Tangazo la seli halifanyi hivyo. Mnara unautangaza ujumbe kwa wote kwa pamoja, kila simu iliyo chini yake inaupokea kwa sekunde chache, na mtandao haujui nani ameupokea. Hakuna orodha. Uhai umelindwa, na faragha imelindwa kwa kitendo kilekile.

Ukurasa mmoja wa tangazo hilo unabeba herufi 93, na kurasa zinaweza kufika 15. Kwa kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, andika kana kwamba ukurasa ni mmoja:

*MAFURIKO: Bonde la Msimbazi. Ondokeni sasa kwenda sehemu ya juu. Msivuke daraja la Jangwani.*

Ni herufi 92, nafasi zikiwemo. Panatajwa mahali, panatajwa cha kufanya, panatajwa cha kutokufanya. Salamu, jina la cheo na "tunawatangazia wananchi wote" vingekula ukurasa mzima kabla mtu hajajua akimbilie wapi.

Kinachokwamisha ni mipangilio tena: vitochi vingi vinakuja matangazo ya seli yakiwa yamezimwa, na simu janja inahitaji kuwekewa mpangilio wa nchi husika. Kingine ni betri. Mafuriko na kukatika umeme huja pamoja; mnara wenye betri ya saa mbili unanyamaza kabla maji hayajafika kilele. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kila mtu duniani awe chini ya mfumo wa tahadhari za mapema ifikapo 2027, na ITU ndiyo inayoongoza sehemu ya kufikisha ujumbe. Hili halihitaji kusubiri 6G hata siku moja.

Kuhusu kuzima 2G na 3G nitasema kidogo tu. Menyu ya pesa ya kitochi, ile yenye herufi 182 kwa ukurasa, inaishi huko. Atakayezima bila kuhakikisha menyu hiyo inafanya kazi ndani ya 4G kwenye simu ya bei ya chini kabisa atakuwa amemfungia wakala duka.

Sisi wa huku tunashika wapi

Una haki kusema vifaa vinatoka nje. Katika 3GPP, mashirika saba wenza yanatoka Ulaya, Marekani, China, Japani, Korea Kusini na India. La Afrika halipo. Lakini kuna vishikio. Masafa yanaamuliwa kwenye mkutano wa dunia wa redio wa ITU, ambako Tanzania ni nchi mwanachama kama nchi nyingine, na nchi za Afrika hukubaliana kwanza kupitia Umoja wa Mawasiliano Afrika, ATU. Mkutano wa 2027 utajadili bendi za 6G, ikiwemo ile ya 7.125 hadi 8.4 GHz. Swali la maadili hapo ni la kawaida kabisa: bendi hizo zitawanufaisha wa katikati ya jiji, bendi za chini za wa pembezoni zinatetewa na nani?

Kishikio cha pili, na kwangu ndicho chenye nguvu zaidi, ni leseni na zabuni. Kile ambacho kiwango kimekiita hiari, mdhibiti au mnunuzi anaweza kukiita lazima. Mradi wa Hexa-X wa Ulaya ulioanza 2021, na mwenzake Hexa-X-II wa 2023, ulifanya kazi ya maana ya kuweka "viashiria vya thamani" kando ya viashiria vya utendaji. Lakini kiashiria kisipofungwa kwenye sharti la kupokea kifaa na kulipa malipo ya mwisho, kinabaki kwenye ripoti. Sharti lililokamilika linataja mambo matano: nani anayelindwa, kitu gani kinapimwa, namba, anayewajibika, na kinachotokea namba isipofikiwa. Mikataba mingi ya ubora wa huduma inaishia kwenye la tatu.

Mradi wako

Usiandike kuhusu 6G yote. Chukua thamani moja, "mwenye kitochi ahudumiwe sawa na mwenye simu janja", uipime Mbagala.

Chagua vituo 10, vitano karibu na barabara kuu na vitano bondeni au pembezoni, vingine ndani ya nyumba. Tumia kitochi kimoja na simu janja moja ya bei nafuu, laini za kampuni moja, zilizosajiliwa kwa jina lako. Pima vipindi vitatu: asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwa kila jaribio fungua menyu mbili, moja ya salio la vocha na moja ya salio la pesa. Usiache hii ya kwanza: ikikubali ya vocha ikakataa ya pesa, kosa huenda liko kwenye seva ya malipo, na ukiulaumu mnara mradi wako umeanguka. Andika muda hadi menyu ifunguke, aina ya kushindwa, na kizazi cha mtandao simu ilichokuwa nacho.

Majaribio mangapi? Ukijaribu mara 30 bila kushindwa hata mara moja, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kushindwa hakuzidi takriban asilimia 10. Ukitaka kusema hakuzidi asilimia 1, unahitaji majaribio 300. Hapa wanafunzi wengi huteleza: majaribio kumi, kisha "asilimia 100 ya mafanikio".

Usichukue wastani wa vituo vyote. Toa matokeo ya kituo kibaya kuliko vyote na cha pili yake, kisha tofauti kati ya kitochi na simu janja mahali palepale na saa ileile. Usirekodi namba wala miamala ya mtu mwingine, hata wakala akikuruhusu. Ukimaliza, andika sharti moja lenye yale mambo matano kwa lugha ambayo mwanasheria anaweza kuinakili, na mbali na chuo, peleka nakala Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Majedwali yako mabichi yaambatane nayo, pamoja na aina ya kitochi ulichotumia, kwa sababu swali la kwanza watakalokuuliza ni hilo.